Namna ya Kuuanzisha Mwisho Wako Mwenyewe: Mwongozo kwa Adui Mkuu wa Gemu

Hongera kwa kuteuliwa kuwa adui mkuu. Nafasi hii inawaniwa na wengi, na masharti yake si mabaya: utapewa ngome juu ya mlima au ndani ya shimo la volkano, joho la kuburuza, muziki wako mwenyewe wenye kwaya, na ruhusa ya kucheka peke yako kwa sauti bila mtu kukukimbiza hospitali. Mshahara hakuna. Likizo hakuna. Mkataba huvunjwa kwa upanga.

Kabla hujatia saini, kuna jambo ambalo watengenezaji wa gemu hawakuambii kwenye usaili. Katika hadithi nzima, mwenye kazi ni wewe peke yako. Stelingi hana mpango wowote. Ukimwacha atavua samaki, atavunja mitungi ya watu akitafuta sarafu, ataingia kila nyumba bila hodi na kupekua makabati, na atapanda kila kilima kilichoko kwenye ramani kwa sababu tu kipo. Haitatokea siku aamke mwenyewe aseme leo namaliza. Mwisho lazima uuanzishe wewe, kwa mkono wako, huku ukijua fika kwamba huo mwisho ni wa kwako. Kanuni ya mabanda ya video unaijua tangu utotoni: stelingi hafi.

Ilani kwa wapita njia: mwongozo huu unafichua jinsi gemu kadhaa zinavyokwisha, kuanzia za 1985. Kama kuna mtu hajamaliza gemu ya 1997 mpaka leo, lawama si za mwandishi.

MPE STELINGI KAZI

Adui mwanagenzi hutaka kufanya kila kitu mwenyewe. Anatafuta funguo mwenyewe, anavunja mihuri mwenyewe, anazunguka mahekalu yote kwa miguu, na jioni ikifika amechoka na dunia bado nzima. Wakongwe hawasumbuki hivyo. Wanajua yupo kijana mwenye nguvu, anayetumwa na kila mtu na asiyeuliza maswali. Kama mwenye duka anaweza kumtuma akamtafutie kuku waliopotea, wewe unashindwaje?

Ganondorf, katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998, alikuwa akiitamani hazina takatifu iitwayo Triforce, lakini njia ya kuifikia ilikuwa imefungwa nyuma ya Mlango wa Wakati. Mtoto Link, kwa nia njema kabisa na kwa kutumwa na binti mfalme, akakusanya mawe 3, akapiga ala yake, akaufungua mlango na kuung'oa upanga. Upanga ukamwona bado mdogo, ukamlaza miaka 7. Ganondorf akapita mlango uliokwisha kufunguliwa. Link alipoamka, nchi yote ilikuwa ya bwana yule, na hakuvunja hata kitasa.

Sephiroth wa Final Fantasy VII, 1997, alikwenda mbali zaidi. Alihitaji jiwe jeusi la kuitia kimondo, na jiwe hilo lilikuwa mikononi mwa Cloud, stelingi mwenyewe. Akalichukua kwa kumwingia akilini, Cloud akampa. Wenzake wakalipata tena, wakalitunza kwa hadhari. Cloud akalichukua kwao, akapanda nalo hadi pale Sephiroth alipokuwa amelala ndani ya fuwele, akampa mara ya pili. Ukimpata stelingi wa namna hiyo, usimwue. Mlinde.

Lakini fundi wa fani hii, nasema bila kigugumizi, ni Liquid Snake wa Metal Gear Solid, 1998. Tukae naye kidogo, maana somo lake lina utamu.

Mahali ni kisiwa cha Shadow Moses, Alaska. Liquid na waasi wenzake wameteka kituo chenye Metal Gear REX, mashine inayotembea na kurusha makombora ya nyuklia. Wanataka kuiwasha na hawana namna: aliyekuwa na namba ya siri ameshawafia mikononi katika mateso. Imebaki njia moja, ufunguo wa dharura. Ufunguo wenyewe anao Solid Snake, aliyetumwa na serikali ya Marekani kuja kuwazuia, naye anaamini kabisa kwamba ukiuingiza unaizima REX.

Ufunguo ni mmoja tu, lakini mashine inataka tatu. Siri ni kwamba umetengenezwa kwa madini yanayobadilika umbo kwa joto na baridi. Basi Snake anauingiza mara ya kwanza ukiwa katika hali ya kawaida. Kisha anatoka, anashuka, anapita walinzi, anarudi hadi ghala la baridi, anasimama humo mpaka ufunguo upoe na kubadili umbo, halafu anarudi nao akikimbia, kwa sababu akichelewa utarejea hali yake ya mwanzo. Anauingiza. Anatoka tena, safari hii hadi kwenye tanuru la kuyeyushia chuma, anasimama kando ya joto mpaka ufunguo ugeuke, anarudi. Mchezaji anayafanya haya kwa vidole vyake mwenyewe, anatoka jasho, anawalaani walinzi. Na muda wote huo redioni yuko mzee anayemwelekeza kwa upole, mwalimu wake wa zamani, Miller.

Ufunguo wa tatu ukiingia, mashine inatangaza kwamba REX iko tayari kurusha. Ndipo Miller anapotoa shukrani zake redioni. Miller wa kweli alikwishauawa. Aliyekuwa akizungumza ni Liquid.

Zingatia ulivyo ufundi huo. Liquid alikuwa na kikosi kizima, na hakuna askari wake hata mmoja aliyebeba ufunguo. Kazi yote ilifanywa na mtu aliyekuja kuizuia, na huyo mtu akajiona shujaa kila alipopanda ngazi. Mwaka 2007 BioShock ikaichukua mbinu hiyo na kuipeleka chini ya bahari, katika mji wa Rapture: mwanamapinduzi mwema anayekuongoza redioni, Atlas, anakuomba kila jambo kwa adabu mno, nawe unatii, unatii, hadi unamuua Andrew Ryan aliyeujenga mji, kwa rungu lake la gofu. Hapo ndipo unapoambiwa kwamba yale maneno ya adabu yalipandwa kichwani mwako kama amri, na kwamba Atlas ni jambazi Frank Fontaine. Ombi la adabu ni silaha. Waandishi wengine hubuni mazimwi yenye vichwa kumi, ilhali redio ndogo inatosha.

UKIVUNJA, VUNJA

Udhaifu unaowaangusha maadui wengi ni kuzungusha. Mkono uko juu ya kitufe, wanaanza kueleza kitufe kinafanya nini. Stelingi anaingia. Kwisha habari.

Kefka Palazzo wa Final Fantasy VI, 1994, hakuwa na tabia hiyo. Alianza kama kichekesho. Tunamwona mapema jangwani, mchawi wa mfalme aliyevaa mavazi ya mcheza shere, akiwaamuru askari wake wampanguse mchanga kwenye viatu. Ukimtazama unasema huyu si wa kumhofia, bosi wa kweli ni mfalme Gestahl. Baadaye anautia sumu mto wa ngome ya Doma na kuwaua watu wake, na bado unaamini adui mkuu ni mfalme. Mnapokutana wote kwenye bara linaloelea angani, Kefka anamuua mfalme wake mwenyewe, anazisogeza sanamu 3 zilizoushikilia uwiano wa dunia, na dunia inapasuka.

Inapasuka kweli. Hakuna aliyewahi kufika. Ardhi inakatika, kundi lako linatawanyika, ramani uliyoizoea kwa masaa yote hayo inafutwa na kuchorwa upya. Baada ya mwaka mmoja Celes, mmoja wa kundi lako, anaamka kwenye kisiwa kidogo, na adui ndiye mtawala wa kila kitu kilichobaki. Katika gemu nyingi tishio la mwisho wa dunia ni maneno matupu ya kumfanya mchezaji akaze mwendo. Kefka aliahidi na akatekeleza, kisha gemu ikaendelea katika magofu yake. Ndiyo maana anakumbukwa.

Sasa angalia alichofanya baada ya ushindi, ili usikirudie. Alijenga mnara. Akapanda juu. Akakaa. Ana mwali wa nuru unaoweza kuteketeza mji wowote utakaomkaidi. Mji wa Mobliz ulipigwa, watu wazima wakafa, wakabaki watoto. Wakati huo huo Celes na wenzake wamefukua chombo cha kurukia angani kutoka kwenye kaburi, wanapita nacho juu ya dunia yote wakiwakusanya wenzao mmoja mmoja, na wanaweza kuuzunguka mnara wake hadi wachoke. Mwali haukipigi chombo. Hakuna sababu iliyotolewa. Mimi naamini alikuwa amechoshwa na ushindi: mtawala aliyemaliza kazi yote na hana ratiba ya kesho huanza kumtamani mgeni, hata mgeni mwenye upanga.

SAA YA KUTISHIA NA SAA YA KWELI

Tunaingia kwenye aibu kubwa ya fani yetu.

Umeanzisha mwisho. Kimondo cha Sephiroth kinaning'inia angani, chekundu, kikubwa, kinaonekana kutoka kila kona ya ramani. Wahusika wenyewe wanahesabu: zimebaki siku 7. Stelingi anatazama juu, anatikisa kichwa kwa huzuni, kisha anakwenda kufuga ndege.

Sitanii. Chocobo ni ndege wakubwa wa kupanda katika ulimwengu wa Final Fantasy, na ndani ya hizo siku 7 mchezaji anayo ruhusa ya kuwakamata porini, kuwalisha, kuwapeleka kwenye mashindano ya mbio katika uwanja wa starehe wa Gold Saucer, kutafuta njugu adimu za kuwapandishia, na kurudia vizazi kadhaa hadi apate chocobo wa dhahabu. Analala hotelini usiku mmoja, usiku wa pili, usiku wa thelathini. Kimondo hakisogei. Chocobo wa dhahabu akipatikana anampeleka hadi kisiwa ambacho hakifikiki kwa njia nyingine, na humo mna uchawi wa kuwaita mashujaa wa Meza ya Duara, ambao anakuja kumtwanga nao nani? Sephiroth. Kusubiri kwake ndiko kulikotengeneza silaha.

Wala asidhani mtu kwamba ni Sephiroth peke yake. Katika Breath of the Wild ya 2017, Ganon amezungushwa ndani ya kasri la Hyrule kwa miaka 100, huku binti mfalme Zelda akimzuia kwa nguvu zake zote. Ukishapata vifaa vya mwanzo unaweza kwenda kasri moja kwa moja ukajaribu bahati yako. Mpwa wangu alikuwa na habari hizo zote na akaitumia likizo nzima kupika. Uyoga, pilipili, nyama ya porini. Kila akipata kiungo kipya, sufuria. Nilimuuliza binti mfalme atavumilia mpaka lini. Akaniambia, "Anko, amekaa miaka mia, siku mbili zitamfanya nini?"

Ukitaka kuheshimiwa, weka saa inayotembea. Majora's Mask ya 2000 ilijaribu: mwezi wenye uso wa mtu, meno yameng'ata, unaushukia mji wa Clock Town, na baada ya saa 72 za kwenye gemu unauponda. Haungoji. Mjini, ofisini kwa meya, mkuu wa mafundi seremala anagombana na kapteni wa walinzi kama watu wahame au sherehe iendelee, na kila siku mwezi uko chini zaidi ya jana. Ni saa ya kweli. Kilichomponza Skull Kid, anayeushusha mwezi huo, ni kwamba Link alirudishiwa ala yake, na ala hiyo inarudisha wakati nyuma hadi asubuhi ya siku ya kwanza. Kabla hujawasha saa, mpekue stelingi mifukoni.

Waliofaulu ni wakusanyaji wa Mass Effect 2, 2010, wadudu wale wa anga wanaoteka binadamu. Mchezaji amezoea kwamba kila dharura kwenye gemu ni ya mdomo tu. Anachukua kifaa cha adui, anakifunga kwenye meli yake, anaendelea na shughuli ndogo ndogo. Kisha wakusanyaji wanaivamia meli na kuwabeba mabaharia wote isipokuwa rubani. Ukienda kuwaokoa papo hapo, unawakuta hai. Ukisema ngoja nimalizie kazi mbili tatu kwanza, unakuta sehemu yao wamekwishayeyushwa, akiwemo katibu aliyekuwa akikusalimia kila unapopita. Ukikaa zaidi, anayebaki kukusubiri ni daktari peke yake, na maneno yake si ya kukupongeza. Hakuna onyo lililowekwa kwenye kona ya kioo, hakuna tarakimu zinazohesabu. Mchezaji alikuwa ameambiwa ni haraka, basi ilikuwa haraka.

Hiyo ndiyo heshima unayopaswa kuidai. Adui anayesema "sasa" na akamaanisha sasa hufundisha watu adabu kwa miaka mingi.

USIMSOMESHE

Sehemu hii inahuzunisha, kwa hiyo nitakwenda nayo taratibu.

Portal, 2007. GLaDOS ni kompyuta inayoendesha maabara chini ya ardhi, na mfungwa wake ni Chell, mwanamke asiyetamka neno. Angeweza kumwacha alale. Badala yake alimkabidhi kifaa cha kufungulia malango: unapiga ukuta huu, unapiga ule, unaingia hapa unatokea kule. Kisha akamfanyisha mazoezi, chumba baada ya chumba, ugumu ukipanda hatua kwa hatua, na kumwahidi keki akimaliza. Katika chumba cha 17 alimpa sanduku lenye alama ya moyo, akamwacha alizoee, halafu akamlazimisha alitupe kwenye tanuri la kuteketezea. Nia ilikuwa kumuumiza roho. Elimu iliyobaki ilikuwa nyingine kabisa: tanuri hufunguliwa hivi, kitu hutupwa hivi.

Mwisho wa chumba cha 19, GLaDOS alimpandisha Chell kwenye jukwaa linaloteleza polepole kuelekea motoni. Angalia nani kaanzisha fainali. Chell alikuwa mtiifu hadi dakika hiyo. Aliyetangaza kwamba mitihani imekwisha ni mwalimu. Na mwalimu hakumnyang'anya kifaa kwanza. Chell akafungua lango, akatoroka, akapenya nyuma ya kuta hadi chumba cha GLaDOS mwenyewe, ambako pembeni kulikuwa na nini? Tanuri. GLaDOS akawasha mtambo wa kurusha maroketi. Maroketi yakapita kwenye malango yakampiga yeye. Vipande vyake vikadondoka. Chell akaviokota akavitupa motoni kimoja kimoja, kama alivyofundishwa.

Aliyemrithi, Wheatley wa Portal 2, alijitahidi kusahihisha. Alitazama picha za jinsi mwenzake alivyoangushwa na akapanga upya: kuta zisizokubali malango, gesi ya sumu tangu mwanzo, ngao za kumkinga yeye, mabomu ya kumrushia Chell. Ni mpango bora kuliko mingi niliyoiona, na hata sura yenyewe ya gemu ilipewa jina linalotangaza kwamba hapa ndipo anapokuua. Bomu la Wheatley likapasua bomba. Ndani ya bomba mlikuwa na rangi nyeupe ambayo, ikipakwa popote, panakubali malango. Mafundi bomba wanaheshimiwa sana na wanaowajua, na hawaheshimiwi kabisa na maadui wakuu.

Naye Alduin wa Skyrim, 2011, joka mla dunia, alipoteza kazi kabla hajaianza. Gemu inafunguka stelingi akiwa kafungwa mikono, shingo iko juu ya gogo, mkata vichwa ameinua shoka. Bado sekunde chache tu tatizo la Alduin limalizwe na serikali, bure. Alduin akatua juu ya mnara, akaunguza mji wa Helgen, na katika vurugu hizo mfungwa akakimbia. Mfungwa huyo ndiye pekee katika nchi nzima mwenye uwezo wa kunyonya roho za majoka na kuongezewa nguvu nazo. Na Alduin akafanya nini baada ya hapo? Akazunguka makaburini akiwafufua majoka wenzake mmoja mmoja.

Wengi wetu tuliowajua maadui kupitia zile mashine za kaseti tulianza na Bowser, katika Super Mario Bros. ya 1985. Yeye hakumsomesha mtu. Alisimama juu ya daraja, chini yake lava, na mwisho wa daraja, nyuma ya mgongo wake, akaweka shoka la kulikatia daraja hilo hilo. Katika ngome zote 8. Wale saba wa kwanza walikuwa vibaraka waliojigeuza Bowser, na nao waliwekewa shoka. Ngome ya kwanza tunaweza kusema ni bahati mbaya.

MANENO YA MWISHO

Yafanye mafupi. Baada ya REX kuangushwa, Solid Snake alilala juu yake amezimia, hana silaha. Liquid alikuwa hapo hapo, mzima. Akamngoja aamke, akamweleza habari za jeni zao kwa kirefu, kisha akapendekeza wapigane ngumi. Huyu ni yule yule fundi wa ufunguo niliyemsifu juu. Sina la kumtetea.

Usionyeshe silaha yako kwa wageni kabla hujajua kama inakutambua. Wesker, katika Resident Evil ya 1996, alilifungua pipa la zimwi lake Tyrant mbele ya watu ili wastaajabu. Wa kwanza kuchomwa kucha alikuwa yeye.

Na mlangoni kwako weka kufuli tu. Utakuta watengenezaji wamekuwekea mahali pa stelingi kuhifadhi mchezo hatua chache kabla ya kiti chako. Ondoa. Katika shimo la Sephiroth walimpa mchezaji hata fuwele ya kusimika mwenyewe, achague mwenyewe ndani ya nyumba ya adui mahali anapotaka kuhifadhia. Ni Flowey, ua la manjano la Undertale, 2015, aliyeiona siri hii. Stelingi anaposhinda pambano na mfalme Asgore, Flowey anatokea, anabeba roho 6 za binadamu, na gemu inajifunga yenyewe. Ukiifungua tena, unakuta faili ulilohifadhi limeshikwa naye. Sasa anayehifadhi na kurudia ni yeye: ukimkwepa, anarudisha wakati nyuma akupige upya. Kwa dakika chache adui alikuwa na silaha ambayo stelingi wote wameitumia tangu zamani bila kuona haya. Kilichomshinda ni zile roho alizozimeza, ambazo ziliasi kutoka ndani. Wafanyakazi wako watendee vizuri.

Hayo yatosha kwa adui. Ninajua kwamba kati ya waliosoma hadi hapa wengi si maadui bali wachezaji, na walikuwa wakicheka. Basi neno moja kwenu. Yule bwana ameuza jeshi lake, amevunja urafiki, ameivuruga mbingu ili hadithi yako ipate mwisho, kwa sababu wewe hukuwa na mpango nao. Ametandika, amewasha mishumaa, Ganondorf ameketi kabisa kwenye kinanda chake anakupigia muziki upande ngazi. Chocobo wako wamekua vya kutosha, na sufuria imejaa uyoga. Zima moto, hifadhi mchezo, uende ukamalize.